Uvundo Katika Kasha la Cherehani ya Zamani: Njia za Kuuondoa Zikilinganishwa

Cherehani ya chuma yenye umri wa miaka sitini au themanini huweza kusafishwa, ikatiwa mafuta na kurudi kushona vizuri, lakini kasha lake huwa na shida ya namna nyingine. Chuma hakinywi harufu; mbao, kadibodi, feliti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizogandamizwa) na gundi hunywa. Kasha lililokaa miaka mingi stoo au darini likiwa limefungwa huhifadhi unyevu, mafuta yaliyochacha na kuvu, na mara linapofunguliwa uvundo hupanda na kuhamia kwenye kitambaa kinachoshonwa.

Anayetafuta ushauri hukutana na orodha ndefu: jua, bekingi soda, mkaa, siki, spiriti, klorini, mashine ya ozoni, shelaki (utomvu wa mdudu unaopakwa kwenye mbao kama vanishi). Kasoro ya orodha hiyo ni kwamba huzipanga njia hizi kana kwamba zinashindania kazi moja, ilhali kazi zenyewe ni tatu tofauti. Baadhi ya njia huondoa chanzo cha harufu, baadhi hunyonya harufu iliyokwisha kutoka, na baadhi hufungia ndani ya ubao harufu ambayo haitatoka tena. Anayeweka bakuli la bekingi soda ndani ya kasha ambalo bitana yake ina kuvu hai anadeki sakafu ilhali bomba bado linavuja. Kwa sababu hiyo ulinganisho ufuatao unazipambanisha zile zinazofanya kazi moja, kisha unaeleza ni kasha la aina gani linahitaji kazi ipi.

Harufu inatoka wapi, na kasha limetengenezwa kwa vitu gani

Ondoa cherehani kwenye kasha, kisha toa kila kilichomo: kijitabu cha maelekezo, kisanduku cha futi (miguu ya kukandamiza kitambaa) na vifaa vya ziada, matambara ya kufutia, mkanda, pedali ya umeme na nyaya zake. Vitenganishe, kila kimoja mahali pake, kwa siku mbili au tatu. Mara nyingi hugundulika kwamba kasha linalaumiwa kwa kosa la kijitabu cha karatasi kilicholowa zamani, au la tambara lililojaa mafuta ambalo limesahauliwa kwenye kona. Kwa kuwa pua huzoea harufu haraka na kuacha kuitambua, usiamue kwa kuinamia kasha mara kwa mara. Weka ndani yake kipande safi cha kitambaa cha pamba, lifunge usiku kucha, kisha asubuhi kinuse kitambaa hicho nje ya chumba, au mpe mtu mwingine akinuse.

Harufu ya udongo mbichi au ya uyoga ni ya kuvu. Kuvu hutoa kampaundi zinazopaa hewani, mojawapo ikiwa geosmini, ambayo ndiyo pia huchangia harufu ya ardhi baada ya mvua. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno, na ndiyo maana doa la koga lisilozidi ukubwa wa ukucha linaweza kutia uvundo kasha zima. Harufu kali inayokwaruza, inayokaribiana na ile ya mafuta ya kula yaliyokaa muda mrefu, ni ya mafuta yaliyoenea kwenye feliti na mbao yakaoksidika. Harufu nzito yenye asili ya mnyama, inayoongezeka siku za unyevu, mara nyingi hutokana na gundi ya zamani iliyotengenezwa kwa kuchemsha ngozi na mifupa. Gundi hiyo ikiwa kavu hutulia, ikilowa huwa chakula cha bakteria na kuvu. Kuna pia moshi wa sigara na harufu ya vidonge vya naftalini, ambazo si uvundo kwa maana halisi lakini hung'ang'ania mbao vivyo hivyo.

Kuhusu maumbile ya kasha, aina tatu zinatosha kwa uamuzi. Ya kwanza ni kasha la mbao tupu, mara nyingi lenye kifuniko cha ubao uliopindwa kwa mvuke, lililopakwa shelaki au vanishi kwa nje na kuachwa bila rangi kwa ndani. Ya pili ni kasha la plaiwudi au mbao nyembamba lililovishwa reksini (kitambaa kilichopakwa ili kifanane na ngozi) nyeusi, kahawia au kijani kwa nje, na bitana ya karatasi au kitambaa kwa ndani, vyote vikiwa vimegandishwa kwa gundi. Ya tatu ni kasha la plastiki la miaka ya baadaye. Hilo la tatu halihitaji mjadala mrefu: lioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, lisuuze, likaushe, na ubadilishe sponji yoyote iliyobandikwa ndani, maana sponji ya zamani huvunjika na kunata yenyewe.

Gumu kuliko yote ni la pili. Singer 221, cherehani ndogo ya alumini iliyoanza kuuzwa 1933 na kuwa na uzito wa takriban kilo 5, ni mfano unaofahamika na wengi, kwa sababu kasha lake jeusi huunganisha matatizo yote kwa pamoja: mbao zilizofungiwa kati ya reksini na bitana, gundi nyingi, na mashine yenye sinia ya chini iliyotandikwa feliti ya kudaka mafuta yanayodondoka. Feliti hiyo isipobadilishwa kwa miongo kadhaa hugeuka kuwa chanzo kinachojitegemea, na mtu anaweza kulisafisha kasha kwa ustadi mkubwa kisha akarudisha uvundo uleule pamoja na mashine.

Jua dhidi ya kivuli chenye upepo

Jua husifiwa kuliko linavyostahili. Ni kweli kwamba miale yake hudhuru kuvu iliyo juu ya uso, na joto lake hufukuza unyevu na kampaundi zenye harufu. Lakini halifiki ndani ya nyufa wala chini ya bitana, na kwa kasha la zamani lina madhara matatu. Upande unaopigwa na jua hukauka haraka kuliko upande wa pili, na kifuniko kikapinda. Reksini nyeusi hupata joto kali kiasi cha kulainisha gundi iliyo chini yake, kikatokea kifuko cha hewa ambacho hakitarudi chini. Rangi za nembo na za kitambaa hufifia.

Kivuli chenye upepo ni cha polepole, na kwangu ndicho kinachostahili kuanza. Kasha lililo wazi kabisa, lililoinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini, likielekezewa feni kwa wiki moja au mbili, hupoteza sehemu kubwa ya harufu bila kuguswa na tone la dawa. Sharti moja ni kwamba hewa yenyewe iwe kavu kiasi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 kasha halikauki ipasavyo, na kuliweka nje msimu wa mvua ni kulilisha kuvu. Siku kama hizo chumba chenye feni na madirisha yaliyofungwa, pamoja na kiyoyozi au mashine ya kupunguza unyevu ikiwapo, hushinda uwanja wa wazi.

Kama kasha ni la mbao tupu na hali ya hewa ni kavu, unaweza kuchanganya njia zote mbili: jua la asubuhi kwa saa mbili tatu, ndani kukielekezwa juani na nje kukifunikwa kitambaa cheupe, kisha kivulini. Kwa kasha la reksini usijaribu hata hivyo.

Kabla ya dawa yoyote: kuondoa uchafu mkavu

Hatua hii haina mshindani, kwa hiyo haihitaji ulinganisho, lakini ndiyo inayorukwa na wengi. Vumbi lililochanganyika na nyuzi za pamba na mafuta ndilo makao ya kuvu. Lifyonzwe kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha hali ya juu, au lipanguswe nje ya nyumba kwa brashi laini, huku mfanyaji akiwa amevaa barakoa ya kiwango cha N95 na glavu. Kusugua koga kavu ndani ya chumba hutawanya chembe zake za uzazi kwenye mapazia na magodoro. Mwenye pumu asifanye kazi hii mwenyewe.

Bekingi soda dhidi ya mkaa amilifu

Zote mbili ni za kunyonya harufu, zote hazina maji, na zote hazidhuru mbao. Hapo ndipo ufanano wao unapoishia.

Bekingi soda ni alkali dhaifu. Huungana vyema na harufu zenye asili ya asidi, kwa mfano zile za mafuta yaliyochacha, ikazituliza. Kwa harufu ya kuvu, ambayo kwa sehemu kubwa haina tindikali, uwezo wake ni mdogo, na hii ndiyo sababu watu wengi husema imewafaa ilhali wengine huapa kwamba haikufanya lolote: hawakuwa na harufu moja. Ubaya wake wa pili ni kwamba ni unga. Ukinyunyizwa ndani ya kasha huingia kwenye bawaba, kwenye kitasa na kwenye nyuzi za feliti, hunyonya unyevu na kuganda, kisha huanguka kidogo kidogo juu ya mashine iliyotiwa mafuta. Unga unaokwaruza ukichanganyika na mafuta ya cherehani haufai kuwa karibu na bobini wala ekseli. Anayeitumia aiweke kwenye bakuli pana au aifunge ndani ya soksi nyepesi, asiinyunyize.

Mkaa amilifu hufanya kazi kwa njia nyingine. Umejaa vitundu vidogo sana, kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mamia ya mita za mraba, hata kufikia 1,000, na kampaundi za kikaboni kama zile za kuvu hunasa kwenye kuta za vitundu hivyo. Kwa uvundo wa koga, kwa moshi na kwa naftalini, mkaa huu unaipita bekingi soda kwa mbali. Mkaa wa kupikia una tabia hiyo kwa kiwango cha chini zaidi, kwa kuwa haukutayarishwa kwa kufunguliwa vitundu vyake. Unasaidia ukitumika kwa wingi na ukivunjwavunjwa, lakini usitarajie matokeo yaleyale, na masizi yake yatachafua bitana usipoufunga vizuri ndani ya kitambaa.

Ili mkaa ufanye kazi, kasha lifungwe. Nimeona maelekezo yanayotaka kasha liachwe wazi na mkaa uwekwe ndani, jambo ambalo halina maana, maana mkaa utakuwa unasafisha hewa ya chumba. Liweke kasha lililokauka ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na vifuko vya mkaa, ufunge mdomo wa mfuko, usubiri wiki mbili au zaidi, ubadilishe mkaa na urudie. Neno muhimu hapo ni *lililokauka*: kasha lenye unyevu likifungiwa kwenye plastiki litaota koga upya kabla mkaa haujafanya lolote.

Kahawa ya unga, maganda ya machungwa, karafuu na manukato ya kupulizia hayamo katika ulinganisho huu, kwa kuwa hufunika tu. Vifuko vya silika jeli navyo ni vya unyevu, si vya harufu. Kazi yake inakuja baadaye, kasha likishapona.

Siki dhidi ya spiriti

Hapa ndipo makasha mengi yanapoharibiwa na watu wenye nia njema. Siki ya kawaida ni asidi asetiki ya takriban asilimia 5, na kilichobaki karibu chote ni maji. Asidi hiyo hudhuru aina nyingi za kuvu, ni salama kwa mtumiaji, na harufu yake hupaa yenyewe ndani ya siku chache. Lakini maji yake hufanya yale yale ambayo maji yoyote hufanya: huvimbisha plaiwudi, hunyanyua tabaka jembamba la juu la mbao, hulainisha gundi ya wanyama, na huchuja rangi kutoka kwenye feliti nyekundu au kijani hadi ikaingia kwenye ubao. Asidi nayo huanzisha kutu kwenye bawaba, misumari na skrubu. Kwa hiyo siki haipulizwi ndani ya kasha. Kitambaa huchovywa, hukamuliwa hadi kisidondoke, hupanguswa nacho ubao mtupu mara moja, na kitambaa kikavu hufuata papo hapo. Kasha likauke chini ya feni siku hiyohiyo. Vitu vilivyolowa vikikauka ndani ya saa 24 hadi 48 kwa kawaida koga haipati nafasi ya kuota.

Spiriti, iwe ethanoli au isopropili, ina faida kwamba hukauka kwa dakika chache na haivimbishi mbao kwa kiasi kile. Ile ya asilimia 70 huua vijidudu vizuri kuliko ile inayokaribia 100, kwa kuwa maji kidogo yaliyomo huisaidia kupenya na kuichelewesha kupaa. Kwa ndani ya kasha la mbao zisizopakwa kitu, spiriti naichagua kabla ya siki bila kusita. Kwa nje, kinyume chake kabisa: shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Tone moja likichuruzika kutoka ndani na kupita ukingoni litaacha mfereji mweupe kwenye rangi ya nje, na ikiwa kitambaa hicho hicho kitaguswa kwenye mashine, nembo za dhahabu zilizolindwa kwa shelaki zitapauka na kuwa za fedha au zitatoka. Reksini ya zamani pia ijaribiwe kwanza mahali pasipoonekana, chini ya kasha karibu na mguu wa mpira, kwa sababu baadhi yake ilipakwa nitroselulosi, aina ya plastiki ya zamani, ambayo asetoni huiyeyusha na spiriti huweza kuilainisha.

Moto ni jambo lingine. Mvuke wa spiriti huwaka kwa urahisi, na kasha ni chombo kinachoukusanya. Kazi ifanyike nje au penye upepo, mbali na jiko, kiberiti na swichi zinazotoa cheche.

Mafuta yaliyoingia kwenye ubao hayatoki vizuri kwa siki wala kwa spiriti. Yafyonzwe kwanza kwa unga wa udongo mkavu, ule mfinyanzi unaouzwa kama mchanga wa choo cha paka ukiwa hauna manukato, uliopondwa na kuachwa juu ya doa kwa siku kadhaa. Mbinu hii haitangazwi sana, na hufaulu mahali ambapo vimiminika vimeshindwa.

Klorini na ozoni

Dawa ya klorini ya kufulia huondoa weusi wa koga, na kwa kuwa weusi umeondoka mtu hudhani kazi imekwisha. Kwenye kitu chenye vinyweleo kama mbao, klorini hutumika juu juu huku maji yake yakizama ndani, na chumvi inayobaki hula chuma. Ikichanganyika na siki hutoa gesi ya klorini, na ikichanganyika na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Sioni kasha la cherehani ambalo klorini ndiyo jibu lake.

Mashine ya ozoni ina watetezi, na si bure: ozoni huvunja kampaundi za harufu kwa oksidisho na hupenya mahali ambapo mkono haufiki. Kwa moshi wa sigara uliokolea huweza kufanya kwa siku moja kile ambacho mkaa hukifanya kwa mwezi. Hata hivyo kiwango kinachotosha kuondoa harufu kiko juu ya kiwango salama kwa mapafu, hivyo mtu, mnyama wala mmea haupaswi kuwemo chumbani inapofanya kazi, na chumba kipigwe hewa vya kutosha baadaye. Pia ozoni hupasua mpira. Mkanda, miguu ya mpira, kipete cha kuzungushia bobini na mpira unaofunika nyaya za umeme viondolewe vyote kabla. Haiui mzizi wa tatizo ikiwa ubao bado una unyevu, na uvundo hurudi. Kwa hiyo ni njia ya pili au ya tatu, kwa kasha lililokwisha kusafishwa na kukauka, na kwa mtu mwenye karakana inayoweza kufungwa, si kwa anayeishi chumba kimoja na kasha lake.

Kung'oa bitana dhidi ya kufungia harufu kwa shelaki

Makasha mengi huponea kwenye hatua zilizotangulia. Yale ambayo hayaponi huwa na harufu iliyozama, na hapo uchaguzi unabaki kati ya kuondoa kilichonywa harufu na kukifunika kwa kitu ambacho harufu haipiti.

Chunguza bitana kwanza. Ingiza ukucha kwenye kona iliyo nyuma ya bawaba, mahali ambapo karatasi au kitambaa huanza kuachia. Ikiwa chini yake pana unga wa kahawia unaovunjika kama sukari guru, hiyo ni gundi iliyokufa, na ikiwa upande wa ndani wa bitana una madoa meusi yenye manyoya, hakuna dawa itakayofika hapo bila kuiharibu bitana yenyewe. Ing'olewe. Karatasi na kitambaa hutoka vikikavu kwa kisu butu kilicholazwa. Gundi inayobaki hulainishwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu wa maji ya moto, kipande kwa kipande, hukwanguliwa, kisha ubao hukaushwa kwa siku kadhaa na kupigwa msasa laini. Kabla ya kung'oa, pima na upige picha mahali pa kila kibano na kila kipande cha mbao cha kushikilia mashine, kwa sababu cherehani isipokaa sawasawa ndani ya kasha itagonga kifuniko.

Gharama ya njia hii ni uasili. Kwa mtu anayekusanya cherehani kama mali ya kumbukumbu, bitana ya mwanzo ina thamani hata ikiwa imechakaa, na ni afadhali aendelee na mkaa kwa miezi kuliko kuipoteza. Kwa anayetaka kubebea mashine na kushona, bitana yenye koga haina cha kuhurumiwa.

Shelaki inaweza kufuata hatua hiyo au kusimama peke yake pale ambapo kasha halikuwa na bitana. Ni utomvu wa mdudu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Hukauka haraka, na mafundi wa fanicha huitegemea kwa kufungia harufu na madoa kabla ya kupaka rangi. Ni bora kuliko vanishi ya maji, ambayo huongeza unyevu ubaoni na hufunga harufu kwa udhaifu zaidi. Ni bora pia kuliko mafuta ya kitani, ambayo baadhi ya watu huyapaka ndani ya kasha ili mbao zing'ae: mafuta hayo hukauka polepole, yana harufu yake mwenyewe, na matambara yaliyotumika kuyapaka yakikunjwa pamoja huweza kupata joto na kuwaka bila kiberiti.

Shelaki ipakwe kwenye ubao safi, mkavu na usio na mafuta. Koti la kwanza liwe jepesi. Utaona jinsi uso wa ubao unavyong'aa kwa muda mfupi kisha ukafifia kadiri unavyokunywa, na jinsi ukingo wa plaiwudi, ulikokatwa na nyuzi za mbao zikabaki wazi, unavyokunywa koti baada ya koti kama kwamba haujapakwa kitu. Ukingo huo ndio mlango mkuu wa harufu. Wakati nyuso zinatosheka na makoti mawili, kingo zinaweza kuhitaji matatu au manne. Brashi isirudishwe mahali palipoanza kukauka, kwa sababu itaburuta na kuacha michirizi. Shelaki iliyokwisha kuchanganywa na kukaa muda mrefu hushindwa kukauka vizuri ikabaki inanata, hivyo tone moja lijaribiwe kwenye kioo kwanza. Lisipokauka likawa gumu kufikia kesho yake, ichanganywe nyingine.

Kasoro ya shelaki ni kwamba haitofautishi. Ukifungia ubao wenye unyevu, umefungia unyevu pia. Na haipakwi juu ya bitana ya kitambaa, ambayo itakakamaa na kubadilika rangi.

Uamuzi kwa aina ya kasha

Kwa kasha la mbao tupu lenye harufu ya kuvu, mpangilio ninaoupendekeza ni upepo, ufyonzaji wa vumbi, spiriti kwa ndani pekee, mkaa amilifu kwa wiki mbili, na shelaki ikiwa kitambaa cha majaribio bado kinanuka. Wengi hawatafika kwenye shelaki.

Kwa kasha la reksini ambalo bitana yake imeshikana vizuri, usitumie kimiminika chochote zaidi ya kitambaa kilichokamuliwa sana kwa nje. Tegemea upepo wa kivulini na mkaa, tena kwa uvumilivu, kwa sababu harufu lazima ipite kwenye karatasi na gundi kabla ya kunaswa. Badilisha feliti zote zinazoondoka, ikiwemo ile ya sinia ya mashine. Bitana ikiwa imeachia na ina koga, ing'oe na upake shelaki bila kupoteza miezi kwenye mkaa.

Ikiwa harufu ni ya mafuta, anza na mashine badala ya kasha, kisha udongo mkavu kwenye madoa na bekingi soda kwenye bakuli. Ikiwa ni ya moshi, mkaa kwanza na ozoni baadaye kwa masharti yaliyotajwa. Kasha ambalo ubao wake umevimba, tabaka zake zimeachana na unabonyea kwa kidole halifai kazi hii yote. Chukua vipimo vyake, hifadhi bawaba, kitasa na kishikio, na umpe seremala atengeneze jingine, huku mashine ikifunikwa kwa kitambaa cha pamba.

Kabla ya kurudisha mashine, rudia jaribio la kitambaa safi, safari hii ukilifunga kasha kwa siku tatu mahali penye joto, maana joto huibua harufu ambayo ubaridi huificha. Kitambaa kikitoka bila harufu, rudisha mashine pamoja na vifuko viwili vya silika jeli vinavyokaushwa upya kila vinapojaa, na uliweke kasha juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta wa nje. Kikitoka na harufu hafifu baada ya shelaki, usianze upya. Fungua skrubu za bawaba na za kitasa, uangalie vishimo vyake na ubao uliofichwa chini ya vyuma hivyo, kwa kuwa brashi haikufika huko. Kuvipaka kwa brashi nyembamba ni kazi ya nusu saa.